Pani za Sukari za Durban na Elimu ya Kuipanga Mitambo kwa Jamii



Mtu atokaye katikati ya mji wa Durban akaelekea kusini kwa njia ya South Coast Road, kabla hajawasili Prospecton penye viwanda vya magari na vya bia, hupita mahali paitwapo Rossburgh, na hapo, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, pana kiwanda cha kusafishia sukari kilichoanzishwa na kampuni ya Sir James Liege Hulett, ambamo sukari ghafi itokayo mashambani mwa Natal huyeyushwa, ikatakaswa kwa chokaa na gesi ya kaboni, ikachujwa, kisha ikapikwa upya hata ikawa ile sukari nyeupe ambayo sote twaijua katika vikombe vyetu vya chai. Habari za miwa ya pwani hii zimekwisha simuliwa mara nyingi: jinsi Edmund Morewood alivyosindika miwa ya kwanza huko Compensation mwanzoni mwa miaka ya 1850, na jinsi merikebu iitwayo Truro ilivyotia nanga tarehe 16 Novemba 1860 ikiwachukua Wahindi wa kwanza waliofungwa kwa mikataba ya kazi mashambani. Hayo nayaacha kwa wanahistoria. Jioni ya leo nataka kusema juu ya jambo lisiloonekana kwa macho hata kwa mtu aliyepewa ruhusa ya kuingia kiwandani, nalo ni namna wahandisi wanavyoipanga mitambo yao katika jamii, ili kompyuta inayoiongoza ipate kujua ni mtambo upi ufaao kwa kazi ipi.

Najua ya kuwa jambo hili laonekana kuwa la mafundi peke yao. Walakini shina lake ni swali ambalo kila mwenye akili amepata kuliuliza: je, kitu hujulikana kwa asili yake, yaani kimetengenezwa wapi, na nani, na kwa madini gani, au hujulikana kwa kazi kiwezayo kuitenda? Mimi nashikilia ya kuwa kiwandani jawabu sahihi ni la pili, na ya kuwa kiwanda kilichojibu vinginevyo, hata kikiwa na mitambo ya thamani kubwa, hulipia kosa hilo kila siku ya Mungu.

Kwanza na tufahamu kazi yenyewe. Viko viwanda ambavyo mali huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili bila kukatika, kama vile mitambo ya kusafishia mafuta. Na viko viwanda vitendavyo kazi kwa mikupuo: mtambo hujazwa, kazi ikatendeka kwa taratibu zake kuanzia mwanzo hadi mwisho, mtambo ukamwagwa, ukaoshwa, kisha ukaanza tena. Bia hupikwa kwa mikupuo. Rangi za nyumba, dawa za hospitali, sabuni na viungo vya mchuzi aghalabu hutengenezwa hivyo hivyo. Na sukari nyeupe, katika viwanda vingi vya dunia, bado hupikwa kwa mikupuo ndani ya vyombo vikubwa vya chuma viitwavyo pani.

Pani ni chombo kilichofungwa pande zote, chenye mabomba mengi ya mvuke ndani ya tumbo lake, na juu yake hewa huvutwa hata pakabaki ombwe. Sababu ya ombwe ni hii: katika hewa ya kawaida shira nzito ya sukari huchemka kwa joto kali linaloweza kuiunguza na kuitia rangi, ilhali katika ombwe huchemka kwa nyuzi zinazokaribia 70 za Selsiasi tu, ikabaki nyeupe. Mpishi huiandaa pani, huvuta ombwe, hutia shira hata mabomba yakafunikwa, kisha huikoleza mpaka ifike mahali ambapo sukari iliyomo yazidi kiasi ambacho maji yaweza kuichukua. Hapo hutia mbegu, nazo ni chembe ndogo mno za sukari zilizosagwa ndani ya spiriti, na kila chembe huwa msingi wa punje moja. Tangu hapo kazi ni kuzilisha punje zile kwa shira mpya, pole pole, zikue kwa usawa; maana akilisha upesi mno huyeyusha alizozipata, na akichelewa, zitazaliwa punje nyingine asizozitaka, vumbi litakalomsumbua hadi mwisho. Pani ikijaa, huukaza uji ule wa punje na shira, huvunja ombwe, huushusha chini katika tangi la kupokelea, kisha huiosha pani kwa mvuke. Uji hupelekwa katika mashine za mzunguko zinazotenga punje na shira. Na shira iliyotoka katika sukari ya kwanza hupikwa tena kuwa sukari ya pili, na ya pili ikatoa ya tatu, na kwa kawaida huendelea hivyo hata ya nne.

Zamani ilimu yote hii ilikaa kichwani mwa mtu mmoja. Katika bonde la Pangani, ambako katika karne ya 19 Waarabu wa pwani walikuwa na mashamba makubwa ya miwa, juisi ya miwa ilichemshwa katika masufuria ya wazi, na mpishi wake alijua kwa macho na pua na vidole wakati wa kuipua. Hata baada ya kuja pani za ombwe, mpika sukari wa Natal alikuwa na fimbo ya shaba ya kuchotea uji kupitia tundu la pani, akaupaka juu ya kioo, akautazama mbele ya taa, akauvuta kati ya kidole gumba na cha shahada ili auone uzi wake. Mafundi wa sukari wa Afrika Kusini waliunda chama chao mwaka 1926, na mwaka 1949 ikaanzishwa hapa Durban, katika eneo la chuo kikuu, taasisi ya utafiti wa usindikaji wa sukari. Na kazi moja kubwa ya watu hao, mwaka baada ya mwaka, imekuwa kuyatoa maarifa ya yule mpishi katika vidole vyake na kuyaweka katika vipimo na maandishi, yapate kurithiwa.

Kisha zikaja kompyuta za kuongozea mitambo, na hapa ndipo taksiri ilipoanza. Kwa kuwa kila kompyuta iliunganishwa na pani iliyo mbele yake, mafundi waliandika kanuni ya upishi kana kwamba ni sehemu ya pani ile: fungua vali namba fulani, ngoja dakika kadhaa, soma kipimo namba fulani, funga. Kanuni haikusema "tia shira mpaka mabomba yafunikwe". Ilisema vali ipi ya pani ipi ifunguliwe. Tuchukue mfano wa kiwanda chenye pani 6 na mapishi 4. Ikiwa kila pishi limeandikwa kwa kila pani, basi kiwanda kina kanuni 24 za kuangaliwa. Siku mkuu wa maabara atakapoona inafaa kubadili kiasi cha mbegu katika sukari ya pili, sharti mtu aingie katika kanuni 6 mbalimbali na kuzibadili moja moja; akisahau moja, kiwanda kitatoa sukari ya namna mbili kwa jina moja, wala hapana atakayejua sababu, kwa kuwa kila pani yaonekana kutii amri iliyopewa. Na pani ya 7 ikinunuliwa, kazi yote huanza upya tangu alifu.

Dhiki hiyo haikuwa ya wapika sukari peke yao. Wahandisi wa viwanda vya kemia vya Ujerumani, katika jumuiya yao ya NAMUR, waliandika mapendekezo yao juu yake mwaka 1992. Na huko Marekani jumuiya ya wahandisi iitwayo ISA ilikwisha unda kamati tangu 1988, ambayo baada ya miaka mingi ya mashauriano ilitoa mwaka 1995 kanuni iitwayo S88, nayo mwaka 1997 ikapokelewa na mataifa kwa namba IEC 61512. Kitabu chenyewe ni kirefu, lakini muradi wake mkubwa ni mmoja: kanuni ya upishi itenganishwe na uwezo wa mtambo. Upande mmoja pawe na maelezo ya kitakiwacho kufanywa. Upande wa pili pawe na mtambo ujuao namna ya kufanya kazi zake. Na pande hizo mbili zikutane kwa majina ya kazi zilizokubaliwa, wala upande mmoja usiingie katika siri za mwenziwe.

Mitambo yenyewe S88 huipanga kwa ngazi saba, kuanzia shirika zima, kiwanda, na eneo, na kikoa cha mitambo, hadi mtambo mmoja kama pani, kisha viungo vya mtambo, na mwisho vali na pampu moja moja. Kanuni za upishi nazo zina daraja nne: ile ya jumla, isiyojua hata kiwanda kipi, ile ya kiwanda, iliyofuata mali na hali ya mahali, ile kuu, iliyoandikwa kwa mitambo ya namna fulani, na ile ya mkupuo mmoja, inayosema leo, saa hii, pani hii, kiasi hiki. Jamii ya mitambo inakaa hasa kati ya hizi mbili za mwisho. Kanuni kuu haisemi "pani ya tatu". Yasema "pani yoyote ya jamii ya pani za sukari nyeupe". Saa ya kazi inapowadia, ndipo mfumo hutazama ni pani ipi iliyo tupu, iliyooshwa, yenye nafasi ya kutosha, ukaichagua na kuiandika katika kanuni ya mkupuo ule.

Wafanyabiashara wa pwani yetu walikuwa na mwenendo kama huo. Mtu mwenye boriti za kupeleka Bahrein hakuandika katika shauri lake ya kuwa anataka jahazi la fulani bin fulani. Alitaka chombo kiwezacho kuchukua mzigo wa kiasi fulani, kitakachovuka kwa msimu, na kitakachoweza kuingia bandari ya maji machache. Chombo kikiwa na sifa hizo, kiwe cha Lamu au cha Sur, shauri lilikuwa zima. Nacho kisipokuwa nazo, uzuri wa nakshi zake haukumfaa kitu mwenye mali.

Sasa basi, jamii huandikwaje? Hapa ndipo penye utamu wa jambo, na hapa nitakaa kidogo.

La kwanza, jamii hutajwa kwa hatua ziwezazo kutendwa. Jamii ya pani za sukari nyeupe itakuwa na orodha yake: kuandaa, kuvuta ombwe, kujaza, kukoleza, kutia mbegu, kukuza punje, kukaza, kuvunja ombwe, kushusha, kuosha. Kila hatua huwa na vigezo vyake, yaani mambo ambayo kanuni ya upishi yaruhusiwa kuyaamuru: katika kukoleza, ukolevu unaotakiwa; katika kutia mbegu, kiasi cha mbegu; katika kuvuta ombwe, kina cha ombwe. Na kila hatua huwa na taarifa zake za kurudisha: ukolevu uliofikiwa, muda uliotumika, kiasi cha shira kilichoingia. Orodha hii ni ahadi. Pani yoyote itakayoandikwa katika jamii hii imeahidi kuzitenda hatua hizi zote, kwa majina haya na vigezo hivi. Namna itakavyozitenda ndani ya tumbo lake ni shauri lake.

La pili, jamii hutaja sifa ambazo kila mshirika wake anazo, lakini kwa kiasi mbalimbali: ujazo wa pani, kiasi cha chini kabisa cha shira kiwezacho kufunika mabomba, kuwako au kutokuwako kwa pangaboi la kukorogea. Kwa sifa hizo kanuni ya upishi yaweza kuandikwa kwa uwiano. Badala ya kuamuru kiasi maalumu cha mbegu, huamuru kiasi kwa kila tani ya uji, na mfumo ukahesabu wenyewe kwa ujazo wa pani iliyochaguliwa. Hivyo pani ndogo na pani kubwa hukaa katika jamii moja bila kugombana.

La tatu, ambalo wengi hukosea, jamii isitaje chombo cha kupimia. Itaje kitu kinachopimwa. Nawaletea mfano ulio bayana. Katika viwanda vya sukari ghafi ukolevu wa uji waweza kukadiriwa kwa kupima jinsi umeme unavyopita ndani yake, kwa sababu mna chumvi nyingi zinazouchukua. Katika kiwanda cha kusafishia, shira imekwisha takaswa hata chumvi zake zimekuwa haba mno, na kipimo hicho hakina tena neno la kusema. Hapo hutumiwa vipimo vya mawimbi ya redio, au vya mwanga unaopindwa na shira, na kadhalika. Ikiwa jamii imeandikwa kwa ishara ya umeme, basi siku kipimo kitakapobadilishwa jamii yote itavunjika, na pani mbili zenye vipimo mbalimbali hazitaweza kupika kwa kanuni moja. Lakini ikiwa imeandikwa kwa ukolevu, kila pani itatafsiri ishara yake mwenyewe kuwa ukolevu kabla ya kuisema nje, na kanuni ya upishi haitajua wala haitahitaji kujua.

Mtaniuliza, mpaka wa jamii uwekwe wapi? Maana makosa ni ya pande mbili. Wako wanaozifanya jamii kuwa nyembamba, hata kila pani ikawa jamii ya peke yake kwa sababu hii imenunuliwa mwaka fulani na ile ina vali za kampuni nyingine. Hao wamerejea palepale tulipotoka, kwenye kanuni 24. Na wako wanaopenda upana, wakaunda jamii iitwayo "chombo", wakatia ndani yake pani, tangi la kupokelea na pipa la kuchanganyia, kwa kuwa vyote hujazwa na kumwagwa. Jamii hiyo haina ahadi yoyote ya maana, na kanuni zake hujaa masharti: ikiwa ni pani fanya hivi, ikiwa ni tangi ruka hatua tatu, ikiwa ni pipa usivute ombwe. Kila sharti la namna hiyo ni dalili ya kuwa vitu visivyo ndugu vimelazimishwa kukaa nyumba moja.

Kipimo ninachokiamini mimi ni hiki: mitambo miwili ni ya jamii moja ikiwa hatua zile zile, kwa vigezo vile vile, zitaleta mali ile ile, na tofauti yao ni ya kiasi tu. Tofauti ikibadilisha hatua, ndipo tuitazame upya. Pani yenye pangaboi na pani isiyo nalo ni mfano mgumu, nami naona wahandisi wana haki ya kuhitilafiana juu yake. Ikiwa pangaboi laharakisha kazi tu, na mali haibadiliki, liandikwe kuwa sifa, ili kanuni inayolihitaji iweze kusema "nataka pani yenye pangaboi". Ikiwa bila pangaboi upishi wa sukari ya nne, yenye uji mzito, sharti upite njia nyingine kabisa, basi na iwe jamii nyingine, na tusione haya. Jambo la hatari ni kuamua kwa kuitazama picha ya mtambo badala ya kuutazama upishi.

Kuna jambo la nne ambalo halionekani siku njema, likaonekana siku mbaya. Jamii sharti iseme pia mtambo utatendaje unaposimamishwa katikati ya hatua. Nchi ya Afrika Kusini imeonja tangu mwishoni mwa 2007 adha ya mgao wa umeme. Na pani iliyojaa uji mzito, pangaboi likisimama na mvuke ukikatika, yaweza kugandisha sukari ndani yake hata watu wakaitoa kwa jasho kubwa. Ikiwa kila pani imeandikiwa mwenendo wake wa dharura, msimamizi wa zamu ya usiku atakuwa na mienendo sita ya kukumbuka katika giza. Ikiwa jamii yasema neno moja, ya kuwa katika hali ya kusimamishwa mvuke hufungwa, shira haiingii, na pani husubiri amri kwa namna moja inayojulikana, basi mtu yule anajua la kutazamia popote asimamapo. Ila vizuizi vya usalama, vile vya kuzuia shinikizo lisipasue chombo au vali ya chini isifunguke mtu akiwa chini yake, visitiwe kamwe katika kanuni za upishi; hivyo ni vya mtambo mwenyewe, katika ngazi za chini, wala mpishi asiwe na uwezo wa kuviondoa.

Kadhalika ziko mali za kushirikiana: pampu ya ombwe, bomba kuu la mvuke, tangi la kupokelea. Baadhi hutumiwa na pani nyingi kwa pamoja hadi kiasi fulani. Nyingine hutumiwa na mmoja tu kwa wakati mmoja. Pani tatu zikitaka kushusha katika tangi moja kwa saa moja, sharti pawe na kaida ya nani atangulie, na kaida hiyo huwezekana kuandikwa kwa sababu pani zote zaomba kwa lugha moja.

Wasikilizaji, siwezi kuzungumza hapa Durban juu ya kuainisha bila kutaja ya kuwa mji huu wajua, kuliko miji mingi, uchungu wa uainishaji uliofanywa kwa kutazama asili. Kuanzia mwaka 1873 manowari za Kiingereza zilileta hapa watu waliotolewa katika utumwa baharini, wengi wao Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, na kwa kuwa walikuwa wamepitia Unguja, wakaitwa Wazanzibari. Walikaa King's Rest, katika Bluff, vizazi kwa vizazi, wengi wao wakishika dini ya Kiislamu. Kisha ukaja utawala wa ubaguzi na sheria zake za 1950, ukawatafutia watu hawa kabila la kuandikwa katika daftari, ukawaita mwishowe "Waasia wengine", na katika miaka ya 1960 ukawahamishia Chatsworth. Mwanadamu hawekwi katika fungu na karani. Hilo tuliseme wazi. Bali hata kwa chuma, ambacho kina haki ya kuainishwa na hakina moyo wa kuumia, funzo hili latufaa: fungu lolote lililowekwa kwa nasaba, lisilopimwa kwa kazi, wala lisiloruhusiwa kusahihishwa, huishia kuwatumikisha watu badala ya kuwatumikia. Jamii ya mitambo ni hati ya kuhakikiwa. Ahadi ikijaribiwa ikaonekana kuwa si ya kweli, mtambo utolewe katika jamii, au jamii iandikwe upya.

Faida ya elimu hii huonekana hasa mabadiliko yanapokuja bila hodi. Mwezi wa Aprili 2022 mvua kubwa iliipiga Durban na viunga vyake. Watu zaidi ya 400 walifariki, Mungu awarehemu, na uwanda wa Prospecton ukafunikwa na maji hata kiwanda cha magari cha Toyota kikasimama kwa miezi. Msiba wa roho hauna kipimo wala fidia. Lakini kwa upande wa kazi, ambao nao ni riziki ya maelfu ya nyumba, kiwanda kinachopoteza mitambo yake kwa maji kisipoteze pamoja nayo maarifa ya miaka hamsini. Mahali ambapo kanuni ya upishi imefungwa katika mtambo, mtambo ukifa kanuni hufa. Mahali ambapo kanuni imeandikwa kwa jamii, mtambo mpya, hata wa kampuni nyingine na wa nchi nyingine, hutakiwa kutimiza ahadi za jamii tu, na upishi ukaendelea.

Na nyinyi mnaonisikiliza kutoka Tanzania msidhani ya kuwa haya ni ya Durban peke yake. Kampuni ya Illovo, yenye makao yake makuu katika mji huu, imekuwa mmiliki mkuu wa kiwanda cha sukari cha Kilombero tangu 1998, na ina viwanda Malawi na Zambia vilevile. Katika kampuni ya namna hiyo ndipo zile daraja nne za kanuni huonekana maana yake: upishi mmoja wa jumla waweza kushuka katika viwanda vya nchi nyingi, kila kiwanda kikaufasiri kwa miwa yake, maji yake na hali yake ya hewa, ikiwa tu pani za Kilombero na pani za Natal zimeelezwa kwa jamii zinazofahamiana. Pasipo hivyo, kila mhandisi anayehamishwa kutoka kiwanda kimoja kwenda kingine huanza kama mwanafunzi, na kila senti iliyotumika kujifunza mahali pamoja hutumika tena mahali pa pili.

Nasema haya kwa sababu naona katika nchi zetu mtindo usiopendeza. Kiwanda hununua mfumo wa uongozi kutoka ng'ambo. Wakandarasi huja, huandika programu kwa miezi michache, hupokea malipo, huondoka. Na maelezo ya mitambo ya kiwanda yakabaki katika kompyuta za wakandarasi, au ndani ya programu ambayo hapana mwenyeji awezaye kuisoma. Mwenye kiwanda amenunua chuma chake, lakini ilimu ya chuma chake ni mali ya mtu mwingine. Rai yangu kwa wenye viwanda ni kwamba hati ya jamii za mitambo itangulie mkataba: iandikwe kwanza, kwa maneno ya kawaida ya kiwandani, ikiwa na hatua, vigezo, sifa, na mwenendo wa kusimama, kisha mkandarasi apewe hati hiyo aitekeleze, na mkataba useme ya kuwa hati na kila sahihisho lake ni mali ya kiwanda.

Na katika chumba ambamo hati hiyo itaandikwa, wasiketi wahandisi peke yao. Aitwe mpika sukari, aitwe mtu wa maabara, aitwe fundi wa vali na msimamizi wa zamu ya usiku, wakae pamoja na kubishana kwa lugha wanayoimudu wote, maana mhandisi anajua kompyuta ifahamu nini, lakini mpishi ndiye ajuaye ni wapi pani mbili zinazofanana kwa sura zinapotofautiana kwa tabia. Vyuo vyetu vya ufundi navyo vifundishe somo hili kabla ya kufundisha mashine ya kampuni yoyote. Maana mashine hubadilika kila miaka michache, na kijana aliyefundishwa vitufe vyake atapitwa navyo, bali kijana aliyefundishwa kuuliza kila mtambo unaahidi kutenda nini, na kuipima ahadi hiyo mwenyewe, ataingia kiwanda chochote, cha sukari au cha dawa, cha Durban au cha Dar es Salaam, na atakuwa na kazi ya kufanya tangu siku ya kwanza.